Wa Mwisho Kushuka Ngazi za Porto

Vijana wa kampuni yetu ya kutembeza wageni walikuja kunitazama nyumbani kwangu Dunda, hapa Bagamoyo, wakanywa chai yote, wakamaliza vitumbua, kisha wakasema: Bi Zuhura, tuandikie jinsi ulivyokuwa ukifanya kazi, tusije tukapotea. Nikawauliza mbona hamkunisikiliza nilipokuwa nikisema kwa mdomo. Wakacheka. Haya, naandika. Muda ninao, kwani siku hizi sitoki, na asiyependa kusoma arudi kwenye simu yake.

Habari za vyeo sitawaandikia. Mtu akipandishwa cheo katika kazi yetu huwa amepewa funguo za choo cha ofisi na lawama za wote. Nitaandika yale yaliyonifundisha kazi, na mengi yalinifundisha huku yakinikera.

Nilianza kwa kutembeza wageni magofuni Kaole. Siku yangu ya kwanza walikuja wazee wa Kijerumani, nami nilikuwa nimekariri historia yote, wafalme kwa majina na misikiti kwa vipimo. Nikasimama juani nikaitapika. Nilipofika katikati nikaona kundi limeyeyuka: nusu wamekimbilia kivulini, na bibi mmoja ameketi juu ya kaburi anajipepea kwa kofia. Mzee Abeid, aliyekuwa mtembeza wageni mkongwe pale, aliningoja nimalize aibu yangu. Kisha akaniambia: "Mwanangu, mgeni kwanza mwonyeshe choo, halafu kivuli, halafu maji. Historia iko pale pale, haiendi popote. Na ukitembea na watu, usihangaike na wa mbele. Wa mbele anajiona anajua njia. Mtazame wa mwisho."

Hilo la wa mwisho nililishika mpaka nimestaafu. Hata mwavuli wangu nilikuwa naunyanyua juu ili wa mwisho auone. Ulikuwa mwavuli wa njano, na mume wangu Salum, aliyekuwa fundi cherehani, aliushonea kipande cha leso nyekundu kwenye ncha. Kila chuma cha mwavuli kilipopinda alikinyoosha kwa koleo, akanirudishia. Nimeona wenzangu wakibadilisha miavuli kama soksi, lakini wangu ulikuwa ule ule mmoja.

Baadaye kampuni ikanitoa kwenye wageni wanaokuja, ikanipa watu wetu wanaokwenda. Nyinyi mnaodhani hiyo ni kazi nyepesi kwa kuwa mnaelewana lugha, subirini. Mzungu ukimwambia saa mbili, saa mbili kasorobo yuko mlangoni anakutazama kama umemwibia. Mtu wetu ukimwambia saa mbili, anakuuliza saa mbili ya leo? Mzungu akija na sanduku, ndani mna nguo. Mtu wetu akija na sanduku, ndani mna unga, pilipili ya kusindika, ndimu, na samaki wa kukaanga, na mwenye sanduku ukimuuliza anakuambia hakumbuki aliingiaje.

Tulizoea kupeleka watu Umra. Tajiri wetu akaona kwamba watu wa pwani wakishapanda ndege mara moja hawatulii tena, akaongeza ziara ya juma moja Ureno, katika mji wa Porto. Mimi ndiye nilijua Kireno kidogo, nilichookota kwa wageni wa Msumbiji, cha kuombea maji na kuulizia njia. Nikatwishwa mimi. Watu walijiandikisha kutoka Bagamoyo mjini, Zinga na Miono. Mzee Shomari, mfanyabiashara wa mbao aliyestaafu na kujipa uenyekiti wa kundi bila kuchaguliwa, alisema anataka kuwaona kwa macho yake watu waliotuletea meza na leso kisha wakatujengea gereza.

Porto ni mji wa kupanda na kushuka, mawe ya kuteleza, nyumba zenye vigae vya buluu mpaka kwenye kuta za nje. Ni mzuri, sikatai. Lakini magoti yetu hayakuumbwa kwa ajili yake. Tulipangiwa vyumba katika jumba la zamani lisilo na lifti, na huko chini ya jumba palikuwa na kibanda cha fundi viatu, mzee aliyeitwa Bwana Joaquim, akiishi nyuma yake na mkewe, Bi Albertina.

Siku ya kwanza tu ndara ya Bi Mwanahawa ikakatika kamba. Bi Mwanahawa alikuwa mjane wa Zinga, mwanamke mnene, mtaratibu, na ndiye aliyekuwa wa mwisho wangu kila mahali. Bwana Joaquim akaishona ndara hiyo pale pale, akakataa malipo. Tangu hapo Bi Mwanahawa hakuweza kupita mlangoni pake bila kumwamkia, na maamkizi yenyewe yalikuwa ya kwetu, hayana haraka. Umelalaje, mkeo kaamkaje, miguu vipi, baridi imekuachia? Kwa Kiswahili chote. Mzee naye anajibu kwa Kireno chote. Wote wawili wameridhika, na mimi nimesimama barabarani na mwavuli, basi linanguruma, na Inês, mwongoza wageni mwenyeji tuliyepewa, ananionyesha saa.

Inês alikuwa mwanamke wa makamo, mkali wa ratiba, na kwa hilo nilimpenda. Lakini ratiba yenyewe aliiandika mtu asiyetujua. Siku moja tulifikishwa, wanawake na mabaibui yetu na wanaume na kofia zao, mpaka kwenye mlango wa ghala la mvinyo, tukaonjeshwe.

"Bi Zuhura," akasema Mzee Shomari kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima, "umetuleta baa?"

Inês akasema kuna pia maji ya zabibu. Mzee Shomari akataka kujua vikombe vilioshwa na nani. Tukaishia kukaa ukutani nje, tukala chapati za jana, huku watalii wengine wakitupiga picha.

Basi ndivyo tulivyokwenda, nikihesabu zimebaki siku ngapi. Jumanne alasiri tulirudi kutoka kwenye mashua ya mtoni, ikiwa imebaki Jumatano ya kutembelea mnara na soko, na Alhamisi ya kuondoka. Tukakuta kibanda cha fundi kimefungwa. Inês akaingia ndani, akatoka amebadilika uso. Bwana Joaquim alikuwa amefariki asubuhi ile, kwenye kiti chake cha kazi, na angezikwa kesho yake.

  Bi Mwanahawa alivua viatu pale mlangoni, akaingia kwa Bi Albertina, na mlango ukafungwa.

Sasa nielewane nanyi vizuri. Mimi si mtu asiye na moyo. Nilisikitika. Lakini viza yetu ilikuwa ya kundi, na ilikuwa inakwisha Alhamisi ile ile ya ndege. Akibaki mtu mmoja tu, kampuni isingepewa tena viza ya kundi, na mwenye sahihi chini ya maombi yale ni mimi. Mtu anayeongoza watu anaruhusiwa kusikitika, lakini haruhusiwi kusahau ndege.

Jumatano saa mbili nikashuka na mwavuli wangu. Kwenye basi hapakuwa na mtu. Wanawake walikuwa wametandika leso na miswala kwenye ngazi za jumba, wamekaa wamejitanda, na mmoja alikuwa amefukiza ubani wa kutoka Bagamoyo. Wanaume walikuwa wamekaa nje, ukingoni mwa barabara, mstari mmoja. Polisi aliyekuwa akipita akamuuliza Inês kama haya ni maandamano. Nikamwambia Inês amjibu kwamba tumekaa tu. Jibu hilo halikumsaidia.

"Mzee Shomari," nikasema, "basi linangoja."

"Liende. Jirani kafiwa, sisi tukapande basi kwenda kutazama mnara?"

"Si jirani yetu, Mzee. Tumepanga hapa juma moja tu."

"Kwani ujirani unaanza siku ya ngapi, Bi Zuhura? Imo kwenye hiyo ratiba yako?"

Inês aliniuliza anasema nini. Nikamwambia anasema wamechoka. Akaniangalia, akawaangalia, akamwambia dereva arudi zake, na tiketi za mnara zikapotea hivyo hivyo.

Tukaenda kuzika. Ibada yao waliifanya wao kwa dini yao, sisi tukasimama nje ya kanisa mpaka jeneza lilipotoka, tukalifuata kwa miguu. Mzee Shomari alikuwa amewapa watu wake darasa fupi la nini tufanye na nini tusifanye. Ukituondoa sisi, waliokuja kumzika Bwana Joaquim wangeenea kwenye bajaji. Hawakujaliwa mtoto. Bi Albertina alikuwa na dada yake kijijini mbali, mgonjwa wa miguu, ambaye angeletwa Jumamosi. Alitembea nyuma ya jeneza ameshikwa mkono na Bi Mwanahawa, na watu wa mtaa ule walichungulia madirishani wasielewe huyu mwenye baibui ni nani wa marehemu.

Tuliporudi nikawaambia wote wakafunge mizigo. Wakafunga, bila ubishi, nikaanza kupumua. Kisha nikaenda kumtafuta wa mwisho wangu. Nilimkuta jikoni kwa Bi Albertina, anaosha vyombo, na mwenye nyumba ameketi mezani anatazama ukuta.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Sanduku lako umeshafunga?"

"La kufungia nini? Mimi bado sijaondoka."

"Ndege ni kesho."

"Nendeni. Mimi nitafuata, dada yake akishafika."

Nikamweleza habari ya viza. Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza nyinyi. Akaendelea kusuuza sahani. Nikamweleza kwa ukali kidogo. Akaifuta sahani, akaiweka.

"Zuhura," akasema, "mimi nilipofiwa na baba watoto, watu walikaa na mimi, wakalala na mimi. Ilipofika siku wote wakaondoka, nikaisikia saa ya ukutani. Ile saa tulikaa nayo miaka, sijawahi kuisikia. Usiku mzima inanigongea kichwani. Basi mimi simwachi mtu na saa. Umempatia wa kulala naye?"

"Mimi?"

"Si wewe kiongozi?"

Nilikasirika hasa. Nilitoka nikafunga mlango kwa nguvu zaidi ya ilivyostahili nyumba ya msiba. Nilimwambia Inês kwamba nimeongoza Wajerumani, Wajapani, na mabwana wa wizarani waliotaka wapigwe picha na kila mti, na sijapata kuombwa nitafute mtu wa kulala matanga Ulaya. Inês hakujua matanga ni nini, nikamweleza: kwetu mfiwa halali peke yake. Akafikiri. Akasema bibi yake huko kijijini alikuwa akifanya hivyo hivyo, lakini hapa mjini watu hawajuani. Nikamwambia basi leo watajuana.

Tukaanza kugonga milango ya jumba lile, mimi na yeye, na mwavuli mkononi, sijui wa nini. Ghorofa ya kwanza ilikuwa imejaa watu wetu. Ya pili akafungua mwanamume, mlango umezuiwa kwa mnyororo, akasikiliza nusu ya maneno, akafunga. Mlango wa pembeni wakatoka watalii wenzetu, wakadhani tumekuja kulalamikia kelele, wakaomba radhi. Ya tatu hapakuwa na mtu. Ghorofa ya juu kabisa, magoti yangu yakiwa yameshatoa malalamiko yote, akafungua mwanamke wa umri wangu, anaitwa Lurdes, mpishi wa shule. Akamsikiliza Inês mpaka mwisho. Akasema pole, lakini yeye na Bi Albertina huamkiana ngazini tu, hajawahi kuingia kwake, ataonekana mtu wa ajabu. Akafunga mlango polepole.

Nikakaa kwenye ngazi. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa, yakiwemo ya kumhusu tajiri wetu. Nilikuwa natafakari jinsi gani wanaume wanne wanaweza kumbeba mama mnene wa Zinga mpaka kwenye basi bila kumvunjia heshima. Mlango ukafunguka tena nyuma yangu. Lurdes alikuwa amevaa malapa ya ndani, ameshika mto wake kifuani.

Akasema jambo. Inês akanitafsiria: "Anauliza ni mlango upi."

Na huyo Lurdes amekaa jumba lile tangu akiwa mwanamwali.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Bi Mwanahawa hakumpokea hivi hivi. Alimtazama juu mpaka chini, kama mama anayetazama posa, akamshika mikono, akaigeuza, akaona ni mikono ya kazi, ndipo akaanza kumkabidhi. Yeye anasema kwa Kiswahili, mimi namtafsiria Inês kwa Kiingereza, Inês anamalizia kwa Kireno.

"Mwambie asimwulize anataka kula nini. Apike tu, aweke."

"Mwambie akilia, asimwambie nyamaza."

"Mwambie redio aiache inaongea, hata kama hawaisikilizi."

"Mwambie alale upande wa mlangoni. Mfiwa alale upande wa ukutani, ajue kuna mtu kati yake na nje."

Lurdes aliitikia kila moja kwa kichwa, kwa adabu, mto bado uko kifuani. Mwishowe Bi Mwanahawa akamfunika leso yake mabegani. Ilikuwa leso mpya, aliyokuwa ameiweka ya kushukia uwanja wa ndege.

Asubuhi tukashuka ngazi. Wote wameshaingia kwenye basi, nimesimama na mwavuli juu, namngoja wa mwisho kama kawaida. Alipotokea alikuwa kati ya wale wanawake wawili, Lurdes bado na malapa yake. Mlangoni Bi Albertina alipiga goti kwenye mawe, akamkaza Bi Mwanahawa kamba ya ile ndara aliyoishona mumewe.  Hata Inês hakunionyesha saa.

Bi Mwanahawa alilia kutoka Porto mpaka tunabadilisha ndege, kisha akalala, na akakoroma kiasi cha mhudumu kuja kuuliza kama ni mgonjwa.

Nilifika nyumbani nimejaa hasira. Salum alikuwa amenichemshia maji ya kuoga. Nikamsimulia yote, tiketi za mnara, polisi, milango, magoti. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akachukua mwavuli, akautazama chuma kilichopinda, akaniuliza:

"Sasa, mama, wewe ulichokasirikia ni kipi hasa?"

Nikamwambia aniache nioge.

Baada ya hapo nimeongoza makundi mengi, na haya ndiyo mtayaokota kwangu. Siku ya kabla ya kuondoka msiipangie jambo lolote kubwa. Watu wetu watalipanga wenyewe. Ratiba ya mwenyeji isomeni kabla ya kuondoka, neno kwa neno, hasa palipoandikwa kuonja. Pasipoti zikae kwenu, lakini ndimu waachieni. Na mtu akigoma, msipoteze nguvu kumweleza sheria. Muulizeni anangoja nini, mkitafute hicho anachokingoja, mtafika uwanjani. Itawachukiza, lakini mtafika.

Mfungo mosi uliopita, baada tu ya Ramadhani, Salum alifariki. Aliugua kidogo tu, hata sikuwahi kuizoea habari kwamba anaumwa. Ndiyo nikaandika barua ya kustaafu, na ndiyo maana nimewaambia sitoki: nimo katika eda.

Sikumtangazia mtu wa makundi yangu. Lakini asubuhi ya mazishi nilisikia sauti barazani, nikaijua kabla sijamwona mwenyewe. Mzee Shomari alikuwa anagombana na wajukuu zangu juu ya jinsi ya kutandika majamvi. Nyuma yake walikuwa watu wa ile ziara ya Porto wote, wa mjini, wa Zinga, wa Miono. Kwa mara ya kwanza tangu niwajue, walikuwa wamefika kwa wakati. Na walinikera, sitaki kusema uongo. Nilitaka ukimya, wao wakajaza nyumba. Sikutaka kula, sahani ikawekwa mbele yangu, hakuna aliyeniuliza. Nikalia, hakuna aliyeniambia nyamaza.

Kisomo cha hitma kilipokwisha wakaondoka. Mwanangu alirudi kazini kwake Maskati, wajukuu wakarudi shule. Nikamaliza kukunja jamvi la mwisho, nikageuka, nikamwona Bi Mwanahawa amekaa pale pale, kando ya cherehani ya Salum tuliyoifunika kitambaa. Mkoba wake haujafungwa.

"Bi Mkubwa," nikasema, "nakushukuru. Lakini nenda kapumzike kwako Zinga. Mimi ni mtu wa safari, nimelala peke yangu hotelini miaka yote, nimezoea."

"Umeshapata wa kulala naye?"

 Ndani palikuwa kimya, na katika ukimya ule nikalisikia jokofu letu likinguruma jikoni, ambalo sikuwahi kulisikia tangu tulinunue.

Nikaenda kuleta mto. Akaupokea, akauweka upande wa mlangoni.